Mwenyekiti wa Frigo

Jumatatu, 4 Mei 1987

Leo nimedharauliwa. Hapa hapa mtaani kwetu Mangobo, kwenye kituo cha afya, mbele ya watu.

Nilikuwa nimevaa abacost yangu ya kijivu, koti letu la taifa lisilo na tai, beji ya Chama kifuani. Nilimsindikiza binti yangu Wivine na mjukuu wangu Colette, miezi tisa, mafua tu. Tukakaa kwenye benchi. Tukakaa. Muuguzi mkuu, huyu Désiré ambaye mtaa mzima unamwita Docteur ingawa udaktari hajausomea hata ndotoni, akatoka, akatazama benchi zima, akamwita mwanamke mwenye beseni la mihogo. Mwanamke aliyefika baada yangu! Nikasimama nimweleze mimi ni nani. Akasema mtoto wa yule mama ana degedege. Sasa mimi ningejuaje? Angenieleza kwa heshima ningeelewa. Mimi, Lutumba, karani mstaafu wa bandari. Zamani gunia halikushuka melini bila kalamu yangu.

Hata hivyo nimerudi na habari mbili. Ya kwanza mbaya: surua imeingia Kapalata, kambini kwa askari. Chanjo imeshafika, iko ndani ya frigo, jokofu la kituo. Watachanja Jumanne ijayo, watoto wote siku moja, kwa sababu kichupa kikishafunguliwa hakilali. Frigo yenyewe ni ile nyeupe ya mafuta ya taa, yenye kimoto kidogo chini kinachowaka usiku na mchana. Jinsi moto unavyoleta baridi, Désiré ameshindwa kunieleza. Hilo peke yake linaonyesha kituo kinahitaji msimamizi.

Na hiyo ndiyo habari ya pili. Daktari wa zone, yaani wilaya yetu ya afya, anataka wakaaji wachague komite ya afya. Komite itaangalia dawa zinazoingia na zinazotoka, bei za sindano, usafi, frigo. Wananchi wenyewe! Uchaguzi ni Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mtaa.

Nitakuwa mwenyekiti. Kwa faida ya umma. Na mwenyekiti hawezi kukalishwa kwenye benchi.

Jumanne, 5 Mei

Nina mpinzani. Mama Kyakimwa, mke wa Nzanzu, wale wafanyabiashara waliotoka Butembo. Duka lao liko pembeni mwa soko: chumvi, sabuni, maharage, mafuta ya taa. Mwanamke mpole, sauti ya chini, Misa kila asubuhi. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

Mke wangu Claudine anauza lituma, ndizi za kupondwa, sokoni, kwa hiyo anasikia yote. Anasema wanawake wanamtaka Kyakimwa. Kwa nini? Kwa sababu siku moja alimwuliza Désiré, benchi zima likisikia, kwa nini sindano ya kwinini ina bei moja asubuhi na bei nyingine jioni. Désiré akakohoa. Kesho yake bei zikaandikwa ukutani kwa chaki, na mpaka leo hazijasogea. Basi. Swali moja! Mimi nimemwuliza Désiré maswali mengi na hakuna aliyenichagua kwa lolote.

Halafu nikafikiri zaidi. Mtu anayeuza mafuta ya taa anataka kusimamia frigo inayokunywa mafuta ya taa. Haya. Nimemweleza Claudine jambo hilo kwa kirefu. Amesema nile kabla lituma haijapoa.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata njia, tena rahisi mno.

Kwetu hatuhesabu mikono. Mjumbe wa Chama anataja jina, watu wanapiga makofi, makofi yakiwa mazito jina limepita. Kwa hiyo anayetaka kuchaguliwa hahitaji kupendwa. Anahitaji makofi. Na mwenye makofi mtaani kwetu ni Hemedi, kiongozi wa kikundi cha animation, wale vijana wanaocheza na kuimba sifa za Chama. Wako kwenye mazoezi makali, maana tarehe ishirini Chama kinatimiza miaka ishirini.

Nimekwenda kwake. Mpango wangu ni huu. Katika wimbo, jina la Kiongozi wa nchi likitajwa, kila mtu husimama na kupiga makofi. Hakuna asiyejua hilo. Sasa Hemedi ataliweka jina langu mara tu baada ya jina hilo, makofi yakiwa bado ya moto. Nani atakuwa wa kwanza kuacha kupiga, mjumbe akimtazama? Nani?

Hemedi amecheka sana, amekubali. Ila karabai zao mbili zimekauka. Mchana vijana wako kazini, na jua likizama uwanja unakuwa giza tupu. Hawana mafuta. Nimemwambia aniachie mimi. Kununua kwa Kyakimwa siendi, hata iweje. Nimtajirishe mpinzani ili nimshinde mpinzani?

Alhamisi, 7 Mei

Mafuta yamepatikana. Bidoni zima, dumu limejaa, tena bure.

Nilivaa abacost, nikaing'arisha beji yangu kwa kitambaa, nikaenda kituoni wakati wa mchana benchi likiwa tupu. Nikamweleza Désiré kwamba Chama kinahitaji mafuta ya taa kwa maandalizi ya miaka ishirini. Akaanza kutoka jasho. Akaniita mwananchi, kwa Kifaransa cha Chama: "Lakini Citoyen, hii mafuta iko ya frigo. Iko ya chanjo." Nikamwuliza kwa upole: frigo na Chama, kipi kilitangulia? Nikamwuliza kama anataka nirudi nimwambie mjumbe kwamba muuguzi mkuu amekataa. Hakutaka. Akaleta bidoni mwenyewe, mpaka mlangoni. Hivyo ndivyo mtumishi wa umma anavyotakiwa kuwa.

Nilimwahidi kulirudisha Jumamosi. Hata akasema ndani ya tangi la frigo yamebaki kidogo tu, kesho labda yataisha. Watu wa afya wanapenda kutia watu hofu. Kitu kikishapoa kimepoa. Mtungi wetu wa maji hukaa baridi kutwa na hakuna mtu anayeuwashia moto.

Ijumaa, 8 Mei

Mazoezi mazuri sana. Uwanja uling'aa. Wimbo umekaa vizuri, jina linaingia pale pale: Lutumba, Lutumba, macho ya afya. Hemedi alitaka kuweka "baba wa sindano". Nimekataa, si heshima.

Claudine alipita na beseni lake, akasimama akitazama zile karabai. Akaniuliza, "Emile, hii mwangaza inatoka wapi?" Anapotumia jina langu la ubatizo, ambalo Serikali ilishalipiga marufuku kwenye karatasi, najua ana lake moyoni. Nikamjibu unatoka kwa Serikali. Akaondoka.

Jumamosi, 9 Mei

USHINDI.

Asubuhi salongo, tukafyeka nyasi nyuma ya kituo, mimi nikisimamia. Kisha uchaguzi uani. Mjumbe wa Chama akakaa kwenye kiti pekee. Hemedi na vijana wake wakaanza. Jina la Kiongozi likatajwa, watu wote wakasimama, makofi. Jina langu likafuata, makofi yakaendelea. Yakaendelea! Mama mmoja alitaka kuacha ili ajikune, akamwona mjumbe, akaendelea. Mwishoni mjumbe mwenyewe alichoka, akainua mkono, akatangaza kwamba hajawahi kuona mtaa unaompenda mtu namna hii.

Kyakimwa amekuwa makamu. Makofi machache, ya wanawake tu, ingawa wale wanawake walipiga wakiwa wanatabasamu.

Na hapo hapo akaniharibia sherehe. Kwa sauti yake ya kanisani akasema, "Bon, Papa Mwenyekiti, sisi wote tuko hapa, twende tuangalie frigo sasa." Sasa! Watu wana jasho, mapanga mikononi, mimi sijapewa hata ufunguo. Nikamfafanulia kwamba komite si mbio za mbuzi. Ukaguzi utafanyika Jumanne, siku ya chanjo, kwa taratibu, mbele ya wajumbe wa zone. Wanawake wakanung'unika. Nikasema kikao kimefungwa.

Huyu mama ana haraka ya kuona frigo ile. Kwa nini?

Jumapili, 10 Mei

Désiré amekuja nyumbani kuuliza bidoni lake. Jumapili, mtu anakula! Amesimama mlangoni anasugua kofia mkononi, anasema kimoto kimezimika tangu jana, anaacha frigo imefungwa ili baridi isitoke, lakini mafuta anayataka leo. Nimemwambia Hemedi anayahitaji mpaka tarehe ishirini na kwamba mwenyekiti hapokei watu Jumapili. Akasema Docteur wa zone hatampa mengine kabla ya mwezi ujao. Hayo ni mambo ya zone, nimemwambia aiandikie zone.

Jirani yetu Mama Agathe amempokea mjukuu wake Juma. Baba yake ni askari Kapalata, wamemleta mtoto huku kwa sababu ya maradhi ya kambini. Alikuwa anakohoa, macho mekundu. Mchana kutwa amecheza na Colette kwenye mkeka wetu, wakala uji katika bakuli moja. Walikuwa wanafurahisha kweli.

Jumatatu, 11 Mei

Juma ana vipele. Ni surua.

Wivine amekimbia kituoni na Colette mgongoni, amerudi amepauka. Désiré amemwambia Colette ameshakaa na ugonjwa mkeka mmoja, lakini chanjo ikiingia mapema inaweza kuufikia ugonjwa kabla haujaota. Kesho, alisema. Kesho kutwa mwisho. Wivine amekaa jikoni anamshika mtoto kana kwamba kuna mtu anakuja kumnyang'anya. Nimemkemea. Chanjo ni kesho, babu yake ni mwenyekiti, Colette atakuwa wa kwanza kwenye mstari. Kuna mtoto gani mwingine Mangobo mwenye bahati hiyo?

Nimenyoosha abacost mwenyewe. Claudine amekataa.

Jumanne, 12 Mei

Hujuma! Hakuna jina lingine.

Akina mama walijaa tangu alfajiri, benchi, ua, mpaka barabarani. Kutoka zone alikuja muuguzi, Citoyenne Angélique, na kipimajoto. Nikatoa hotuba. Nilikuwa bado kwenye utangulizi Wivine aliponivuta koti. Basi nikafungua frigo.

Ilitoka hewa ya moto, kama ya kabati la nguo. Chini hakuna kimoto. Utambi mkavu. Angélique akaingiza kipimajoto, akakitazama, akakiingiza tena. Akasema dawa imekufa. Yote. Hawezi kumchoma mtoto hata mmoja kwa dawa ile. Akaanza kupanga vichupa ndani ya sanduku lake kimoja kimoja, bila kututazama.

Hakuna mama aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Wivine alikuwa amemfungua Colette mkono tayari kwa sindano, akaufunika tena.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia maishani. Nikapanda juu ya benchi. Nani aliyeiba mafuta ya watoto wetu? Nikauliza mara nyingi. Désiré alinitazama tu, kwa macho ya mbuzi, mpaka nikamwambia aache kunikodolea. Nikatangaza tume ya uchunguzi nikiwa mimi mwenyewe mkuu wake. Nikawakumbusha watu ni nani katika komite anayeuza mafuta ya taa. Sikutaja jina. Niligeuka tu upande wake.

Kyakimwa alikuwa amekaa kwenye ngazi amempakata mtoto wa mtu mwingine. Hakuinua uso.

Jumatano, 13 Mei

Uchunguzi umeanza, na umeharibiwa na mjinga mmoja.

Nilikwenda dukani kwa Kyakimwa kunusa mapipa yake. Wanawake wakanifuata, kumi kumi. Mumewe Nzanzu alitaka kunizuia, mkewe akamwambia aniache ninuse. Nikanusa. Yalinuka mafuta ya taa. Nilikuwa nafikiria hatua inayofuata, ndipo akaniuliza, "Papa, hii frigo ilizimika siku gani?" Nikasema hilo ndilo tume inalotafuta. Akauliza tena, "Na siku zile kabla haijazimika, nani aliingia kwa Docteur?"

Wakati huo huo Hemedi anapita na ngoma kichwani. Si angepita tu? Akasimama. Akanisalimu kwa sauti ya uwanjani, "Papa Lutumba! Ile mafuta ya dispensaire ilikuwa muzuri sana, haina hata moshi! Kama iko ingine tupatie!"

Wanawake wote wakanigeukia. Mama Agathe alikuwa amekuja kununua chumvi. Alinitazama muda mrefu, akaiacha chumvi juu ya meza, akaondoka.

Nimewaeleza. Nimewaeleza vizuri kabisa kwamba pale kuna mafuta ya namna mbili: mafuta yaliyoazimwa kwa taratibu kwa ajili ya Chama, na mafuta yaliyoibwa. Tume inatafuta yale yaliyoibwa. Hawakutaka kuelewa. Kyakimwa alichukua ufagio akaanza kufagia, kuanzia miguuni pangu.

Mtu anajitolea kwa ajili ya watu, na watu ndio hawa.

Alhamisi, 14 Mei

Asubuhi nimefungua mlango, ua umejaa. Akina mama wa avenue yetu na avenue mbili za jirani, na watoto wao, wamekaa chini kwenye mikeka. Hawaimbi, hawatukani. Wamekaa. Nimeuliza wanataka nini. Mmoja akasema wanamngoja Mwenyekiti. Nikasema Mwenyekiti ni mimi. Akasema ndiyo, wanajua.

Niliingia ndani, nikatoka, bado wapo. Claudine akapika lituma ya kuuza, akawagawia wao. Sahani yangu ikapewa mtoto wa mtu. Na Wivine, damu yangu, alikuwa amekaa katikati yao na Colette mapajani, hanitazami. Hilo limeniuma. Siandiki mengi, limeniuma.

Kisha Désiré akaja. Akasimama mbele yao, akasema yote: abacost, beji, bidoni. Akasema aliogopa. Nilidhani watamrarua. Kyakimwa akamwambia kwamba kuogopa si dhambi, lakini siku nyingine mtu akija na beji, awaite. "Utaogopa na sisi pamoja, Docteur," alisema. Hilo nalo ni jibu la kumpa mtumishi aliyekosa? Angesimamishwa kazi!

Walichotaka ni niende nao mpaka kwa daktari wa zone, nimwambie kwa mdomo wangu chanjo imekufaje, maana bila maelezo ya mwenyekiti hatoi nyingine. Tukaenda kwa miguu mpaka Makiso, iliko ofisi yake, mimi mbele na msafara wa mikeka nyuma yangu. Watu njiani walidhani ni maandamano ya miaka ishirini, wakapunga mikono.

Daktari ni kijana mdogo. Nikaanza na historia ya Chama. Kyakimwa akanigusa kiwiko. "Papa, sema tu." Basi nikasema. Mafuta yalikwenda kwenye karabai. Daktari akauliza karabai za nani. Nikasema za animation. Akaitazama ile picha ya Kiongozi ukutani, akainuka, akafunga mlango na dirisha. Hata yeye! Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba atatupa sanduku lingine, la mwisho, ila ufunguo wa frigo hautakaa tena kwa mtu mmoja, si Désiré wala mimi. Utakaa kwa akina mama, kwa zamu, na mafuta yatapimwa kwa kijiti kila asubuhi mbele ya mtu yeyote anayetaka kuona. Lakini sanduku linatoka kesho, halitoki leo.

Nikamwambia kwa mjukuu wangu siku zimeshapita, kesho ni kuchelewa zaidi. Kyakimwa akasema, "Wivine anajua, Papa. Wote wanajua."

Ijumaa, 15 Mei

Wamechanja. Nzanzu ametoa mafuta ya kwanza ya frigo kutoka dukani kwake, kujionyesha tu. Kimoto kinawaka. Watoto walilia mpaka mchana, akina mama wanacheka. Kila kichupa kikitolewa Kyakimwa anakionyesha juu, wanawake wanakihesabu kwa pamoja kwa sauti, kama wako shuleni.

Colette amechomwa. Angélique amesema hawezi kuahidi chochote. Tungoje.

Mimi bado ni mwenyekiti. Makofi hayawezi kurudishwa nyuma, hakuna utaratibu wa namna hiyo. Lakini walipokaa kupanga zamu za ufunguo, benchi lilijaa, na hakuna aliyesogea.

Jumatano, 20 Mei

Sikukuu. Nilipewa nafasi jukwaani mjini, safu ya wenyeviti, kivulini. Hemedi na vijana wake walikuwa wanaingia uwanjani. Watu wote wamesimama, makofi. Nikamwona Claudine anapenya katikati ya watu na khanga ya nyumbani, bila viatu vya sikukuu. Akafika chini ya jukwaa. "Emile, mutoto iko na moto mingi."

Nikashuka. Makofi yalikuwa hayajaisha, jina la Kiongozi lilikuwa hewani, na mimi nikatoka nimewapa mgongo. Sijui nani aliniona. Sikufikiri.

Colette macho mekundu, yanatoa machozi, hataki ziwa. Mwili unachoma. Wivine alinikabidhi mtoto, akaenda kuchota maji. Ni mara ya kwanza kunipa mtoto tangu wiki ile ya frigo. Nimemshika mpaka mkono umekufa ganzi.

Jumamosi, 23 Mei

Vipele. Usoni, kifuani. Juma wa Mama Agathe amepona lakini jicho moja bado haliwezi mwanga, wanamfunika kwa kitambaa. Namtazama yule mtoto halafu namtazama wa kwangu.

Naogopa. Sina lingine la kuandika.

Jumapili, 31 Mei

Colette amekula! Bakuli zima la uji, kisha akaomba la bibi yake. Macho yake yako safi yote mawili, nimeyapima mwenyewe kwa kupitisha kijiko huku na huku. Amekonda, lakini anacheka. Désiré anasema hatari imepita. Nimetoka nje nyuma ya jiko nikalia kidogo. Moshi.

Nimekaa na kuyapima yote yaliyotokea, kwa haki, bila kujipendelea. Hitimisho langu: makosa ni mawili. La kwanza ni mdomo wa Hemedi. La pili, na ndilo kubwa, ni Désiré. Muuguzi anayemkabidhi mafuta ya chanjo mtu yeyote anayekuja na beji huyo si muuguzi. Nchi haiwezi kuendelea na watu dhaifu kama wale. Nitalisema hilo kwenye kikao, wakinipa nafasi kwenye benchi.

Leo tunafanya karamu ya Colette. Nimemwalika mjumbe wa Chama, kusafisha kidogo lile suala la jukwaa. Claudine anachoma samaki. Tatizo ni bia. Chupa nne, na jua hili zina moto wa kuchemshia mayai. Mjumbe hawezi kunyweshwa bia ya moto.

Sasa, mtaa wetu una frigo. Ya wananchi. Inasimamiwa na komite ambayo mwenyekiti wake ni mimi. Na leo zamu ya ufunguo ni ya nyumba yetu, unaning'inia msumarini mlangoni. Nimeshawahi kuona ndani: vichupa vilivyobaki vimeshika nafasi yote bila mpango wowote, kila kimoja kimejinyoosha. Vikitolewa nje mchana huu tu, nikavipanga kivulini chini ya benchi, vitapata madhara gani? Dawa imekuja kutoka Kinshasa mpaka hapa, haijafa. Bia ikishika baridi navirudisha. Kimoto sikigusi. Mafuta sichukui hata tone. Sijui mtu angelalamikia nini.

Nimechukua ufunguo, nimeweka chupa kwenye beseni nikazifunika kwa kitambaa, nimefika kituoni. Mama Kyakimwa amekaa mlangoni pa chumba cha frigo, juu ya kigoda, anachambua maharage. Si zamu yake! Ameniuliza kwenye beseni iko nini. Nimemjibu ni ukaguzi. Ameitikia, karibu Papa Mwenyekiti, akaendelea na maharage yake. Hajasogea hata kidogo.

Nimevuka barabara, nimekaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani na beseni langu, naandika haya. Gunia la maharage la Kyakimwa bado limejaa zaidi ya nusu. Mama Agathe naye amefika, amebeba kigoda chake.

Nitangoja. Mtu hawezi kuchambua maharage siku nzima.